Goti la bi mkubwa: huyu anasema apumzike, yule anasema atembee. Seli za gegedu zinataka nini hasa?

kijana_wa_Malapa
Habari za mchana wadau. Bi mkubwa wangu ana miaka 61, mama ntilie hapa Buguruni toka sijazaliwa, goti la kulia lilianza kumsumbua kitambo ila mwaka huu ndo limekuwa balaa, asubuhi akiamka mpaka ashike ukuta kwanza goti lilegee ndo atoke nje. Tukampeleka hospitali akapigwa picha, daktari akasema osteoathritisi, gegedu (lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye jointi) limelika upande wa ndani, akamwandikia dawa za maumivu akamwambia apunguze kilo (ana 84) na atembee kila siku.

Sasa nyumbani kila mtu kawa daktari. Shangazi anasema goti likishasagika ukilitembeza ndo unalimalizia, akae mguu juu, biashara wasimamie mabinti. Jirani naye kaleta vidonge vya "kuongeza ute", laki na nusu kopo moja.

Mi nilisoma PCB (fizikia, kemia, biolojia) kwa hiyo mnaojua msinifiche, semeni tu nitaelewa. Vitu viwili vinanichanganya. Cha kwanza, kama gegedu limelika kwa kubeba mzigo miaka yote hiyo, inakuwaje tiba iwe kulibebesha tena? Cha pili, gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu, hizo seli zilizomo ndani zinajuaje kama mama anatembea, amekaa au ameteleza bafuni? Naomba mnisaidie maana jumapili kuna kikao cha familia na nataka niende na hoja.

Afya_Asilia_TZ
Mkuu ute wa mama umekauka hiyo ndo sababu. Tuna package ya miezi 3 mifupa haisagani tena, njoo inbox nikuunganishe na ofa ya wiki hii.

fizio_wa_Temeke
Hapo juu umeanza mapema sana ndugu yangu, hata chai hatujanywa. Kijana usinunue. Goti lenye osteoathritisi mara nyingi linajaa maji kuliko la mtu mzima wa afya, ndo maana linavimba, kinachopungua ni mnato na utelezi wa hayo maji. Na kidonge kikishapita tumboni hakina namna ya kujua kiende goti la kulia. Glukosamini yenyewe, ambayo angalau imefanyiwa utafiti wa maana, mwaka 2006 Marekani walijaribu kwa watu 1,583 na kwa ujumla wao haikuwashinda waliopewa kidonge cha bure kisicho na kitu.

Turudi kwenye swali. Shangazi yako hajakosea kila kitu, kakosea dozi. Kwa kuwa gegedu halina damu, chakula na oksijeni vyote linapata kutoka kwenye ule ute wa jointi, na ute hauingii vizuri kwenye gegedu lililotulia. Chukua dodoki lenye maji ya sabuni ulikamue uliachie, ukikamua yanatoka machafu, ukiachia linanyonya mapya. Mguu ukikaa juu wiki nzima hakuna kukamua hakuna kunyonya. Watu waliopooza miguu kwa kuumia uti wa mgongo wamepimwa kwa MRI, gegedu la goti linazidi kuwa jembamba mwezi baada ya mwezi, na hao hawabebi hata gramu moja. Kwa hiyo ile hoja ya "lisibebe kitu litapona" imeshajibiwa na miili ya watu.

Ila na upande wa pili upo. Uzito wa mama sio 84 kwenye goti. Wajerumani pale Berlin waliweka magoti ya bandia yenye vipimo ndani yake, mtu akitembea kipimo kinatuma namba, na 2010 wakatoa matokeo: kutembea tambarare goti linabeba kama 261% ya uzito wa mwili, kupanda ngazi 316%, kushuka ngazi 346%. Piga hesabu ya bi mkubwa, kutembea ni kilo 219 na kushuka ngazi ni kilo 291. Ukiziona hizo namba ndo unaelewa kwanini daktari kaanza na kilo. Kuna utafiti mwingine wa 2005 kwa watu wanene wenye magoti mabovu, kila kilo moja iliyopungua mwilini iliondoa kama kilo nne kwenye goti katika kila hatua. Akipunguza kilo tano tu hapo goti limepumzika kilo ishirini kila anapokanyaga, na mama ntilie kwa siku anakanyaga mara ngapi?

Swali lako la pili lisubiri wa maabara, mi nimeishia kwenye misuli.

binti_maabara
Nimeitwa 😂 Kaka swali la pili ndo tamu, wacha nijimwage.

Siku ukinunua makongoro usikimbilie kutia pilipili, angalia kwanza mwisho wa mfupa pale unapokutana na mwenzake. Ule ukingo mweupe wenye ubuluu kwa mbali, unang'aa, ukiupitisha kidole unateleza na ukiubonyeza na kucha unarudi, ndo gegedu lenyewe. Kwenye goti la mtu ni milimita mbili mpaka nne hivi sehemu nyingi. Na pale karibu hamna seli, seli ni kama asilimia 2 tu ya nafasi yote. Kilichobaki ni maji kwa sehemu kubwa, nyavu za kolajeni, na katikati ya nyavu kuna protini kubwa inaitwa agrikani imejaa chaji hasi, inavuta maji kwa nguvu inataka kuvimba, kolajeni inaikaba isivimbe. Huo mkabano ndo unaombeba mama yako.

Sasa hizo seli chache ndo fundi pekee wa eneo zima, hamna mwingine wa kuja kusaidia. Kila moja imekaa kwenye kifuko chake chembamba chenye kolajeni aina ya sita na protini inaitwa pelekani. Mama akikanyaga, gegedu linabonyea, kifuko kinabonyea, maji yanahama, ukolezi wa chumvi kuzunguka seli unabadilika, utando wa seli unavutika. Seli haihitaji mshipa wa fahamu, yenyewe ina milango kwenye utando wake. Mlango mmoja unaitwa TRPV4, huu unaitika kwa mgandamizo wa kawaida na kwa mabadiliko ya ukolezi, ukifunguka kalsiamu inaingia kidogo kidogo na seli inapata ujumbe wa kutengeneza, agrikani inaongezeka. Na pelekani nayo ikibonyezwa inaachia protini ndogo ya kuchochea ukuaji iliyokuwa imeishikilia, FGF2, ujumbe mwingine huo.

Halafu kuna milango miwili ya vurugu, Piezo1 na Piezo2. Hii inaitika mgandamizo ukiwa mkali, mtu kaanguka, goti limepigwa kwenye mpira, kalsiamu inamiminika ndani kwa wingi na seli inaweza kufa kabisa. Piezo ziligunduliwa 2010 na timu ya Ardem Patapoutian, jamaa mzaliwa wa Beirut, 2021 akabeba Nobel pamoja na David Julius. Mwaka 2014 wakatoka watafiti wa chuo kikuu cha Duke kule Marekani, wakachukua peptaidi (kipande kidogo cha protini) kutoka kwenye sumu ya tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, inaitwa GsMTx4, kazi yake kuziba hiyo milango, wakaiweka kwenye gegedu wakaliumiza makusudi, seli zilizokufa zikapungua. Ni ya maabara hiyo jamani, nisisikie kesho mtu anauza mafuta ya buibui Kariakoo.

Kwa hiyo seli haiulizi tu "mzigo kilo ngapi", inaangalia mzigo umekuja kwa mtindo gani. Mwishoni mwa miaka ya 80 kule MIT, chuo kikuu cha Marekani, walikata vipande vya gegedu la ndama, vingine wakavibonyeza na kuviacha vimebonyea hivo hivo, vingine wakavibonyeza na kuachia kwa mdundo. Vilivyoachwa vimebonyea seli zikapunguza kazi ya kutengeneza, vya mdundo zikaongeza, na mdundo wa mara moja kwa sekunde ulikuwa kati ya ile iliyofanya kazi. Mara moja kwa sekunde ni mwendo wa mtu anayetembea zake kwenda sokoni bila haraka. Mi kila nikiifikiria hii naona raha peke yangu.

Mzee_wa_Shimoni
Vijana mnaongea vizuri ila mimi nina swali la mtu wa mtaani. Nimebeba mzigo Kariakoo tangu nikiwa na nywele zote kichwani, lumbesa za viazi, sio gunia hizi za kilo mia za kwenye vitabu, na magoti yangu mpaka leo nasujudu nainuka bila kushika kitu. Mama wa huyu kijana kakaa jikoni goti limeisha. Hiyo mizani yenu inapimaje?

fizio_wa_Temeke
Shikamoo mzee. Swali la haki kabisa. Kwanza wale uliokuwa unabeba nao magoti yakawashinda hawapo tena shimoni, wamerudi kwao au wako nyumbani wanasugua dawa, ukiangalia waliobaki utaona wote wazima. Pili kuna urithi, kuna umbo la mguu, mwenye matege uzito wake unaangukia upande mmoja tu wa goti, na kuna aliyewahi kuchana meniski, ule mto wa ndani ya goti, ujanani akadhani imepona. Wewe inaelekea mguu umenyooka na mapaja yako ya chuma, paja lenye nguvu linapokea sehemu ya kishindo kabla hakijafika kwenye gegedu.

Tatu, na hapa nataka kijana asikilize, jikoni sio sehemu nyepesi. Mama ntilie anakaa kwenye kigoda kifupi goti limekunjwa mpaka mwisho saa nzima anachambua mchele, akiinuka anasimama palepale kwenye jiko. Hiyo ndo ile ya ndama iliyobonyezwa ikaachwa. Tafiti za Framingham Marekani zilishaonyesha wanaume wenye kazi za kupiga magoti na kuinama wanapata zaidi, na Beijing wakakuta wazee waliozoea kuchuchumaa muda mrefu walipokuwa vijana magoti yao yana hali mbaya zaidi. Wewe mzee ulikuwa unatembea, hata kama na lumbesa kichwani.

Mzee_wa_Shimoni
Marahaba. Nimeelewa. Matege sina kweli.

jogging_jumapili
Nadandia hapa hapa, sisi wa jogging tunakimbia barabarani kila jumapili na ngoma juu, wife ananiambia nitazeeka na magoti ya mbao, ni kweli???

binti_maabara
Kaka jogging tulia. 2017 walikusanya tafiti nyingi pamoja, wanaokimbia kwa kujifurahisha 3.5% ndo walikuwa na osteoathritisi ya goti au nyonga, wasiokimbia kabisa wakaao tu 10.2%, na wanaokimbia kwa mashindano 13.3%. Usiichukue kama cheti maana mwenye goti linalouma huwa anaacha kukimbia mwenyewe, anahesabiwa upande wa wakaaji. Lakini kwamba jogging ya kawaida inalimaliza goti, ushahidi hausemi hivo.

Sasa kijana wa Malapa kuna kipande sijakimalizia na ndicho kinachokuhusu zaidi. Vyote nilivyoeleza ni seli yenye afya. Ya mama haiko hivo tena. Kwenye osteoathritisi jointi nzima ina inflamesheni (mwako wa mwili kujihami, ule unaoleta uvimbe na maumivu) ya chini chini, sio ya kuwaka kama ya baridi yabisi ila ipo, na kemikali moja ya hiyo inflamesheni, IL-1, imeonekana 2021 kwamba inaifanya seli ya gegedu iongeze milango ya Piezo1. Umeona mtego? Seli imejaa milango ya vurugu, sasa ile hatua ya kawaida ya kwenda dukani, ambayo zamani ilikuwa chakula, seli inaipokea kama kipigo. Ikipokea kipigo inatoa vimeng'enya vya kukata, MMP-13 inakata kolajeni, ADAMTS-5 inakata agrikani, vipande vilivyokatwa vinaelea kwenye ute vinachokoza utando wa jointi, inflamesheni inaongezeka, Piezo1 inaongezeka, mzunguko unaendelea. Panya waliozaliwa bila ADAMTS-5, utafiti wa 2005, walipoharibiwa goti kwa upasuaji gegedu lao lilihimili zaidi kuliko la wenzao. Na kuna panya wengine waliofanyiwa upasuaji uleule halafu mguu ukazuiwa usitumike, nao vimeng'enya havikupanda na gegedu halikulika. Hapo shangazi yako angekuwa kwenye hii thread angesema "si niliwaambia".

Ndo maana mi sipendi jibu la "mazoezi ni dawa" likitolewa hivo hivo kavu. Goti lililovimba na kuchemka leo, leo lipunguziwe kweli. Ila panya hana mapaja ya kutunza wala presha wala miaka ishirini mbele ya kuishi, ukimfunga mguu mama wa miaka 61 unapoteza paja ndani ya wiki chache na siku atakayosimama kishindo chote kinaenda kwenye gegedu lilelile.

Na unene hauingii kwa uzito peke yake. Watu wanene wanapata zaidi hata osteoathritisi ya vidole vya mikono, na hamna anayetembelea vidole. Mafuta yenyewe yanatoa kemikali za kuchochea.

kijana_wa_Malapa
Daah nimesoma mara mbili. Asanteni sana, binti_maabara ungekuwa mwalimu wangu pale sekondari nisingepata ile D 😅 Sasa maswali ya nyumbani: gegedu lililokwisha litarudi? Na kuna mtu kamshauri achome sindano ya goti kila baada ya miezi mitatu, vipi hiyo? Halafu choo chetu ni cha kuchuchumaa.

binti_maabara
La kwanza nalijibu mimi kwa sababu lina hadithi. Miaka ya 50 na 60 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia hewani, kaboni-14 ikaongezeka angani dunia nzima, ikaingia kwenye chakula na kwenye miili ya watu, kwa hiyo ukipima kaboni kwenye protini ya mtu unajua ilitengenezwa mwaka gani. 2016 watafiti wa Denmark wakapima kolajeni ya gegedu la goti kwa watu wa umri tofauti, wenye ugonjwa na wasio nao. Ilikuwa ya utotoni na ujanani mwao, baada ya hapo karibu hamna mpya, hata kwa wagonjwa ambao seli zao zinahangaika kutengeneza. Agrikani inabadilishwa, nyavu hazibadilishwi. Kwa hiyo kaka, halirudi, atakayekuambia linarudi kwa kopo la laki na nusu mpigie kelele za mwizi. Kinachookolewa ni lililobaki, na maumivu yanaweza kupungua sana bila picha ya eksirei kubadilika hata kidogo.

fizio_wa_Temeke
Sindano kama ni ya steroidi (dawa ya kutuliza inflamesheni), moja wakati goti limewaka inaweza kumpa nafuu ya wiki kadhaa, hilo sikatai. Kuifanya ratiba ndo tatizo. 2017 walichoma watu kila wiki 12 kwa miaka miwili, wengine wakachomwa maji ya chumvi, maumivu mwishoni hayakutofautiana na waliochomwa steroidi gegedu lao lilipungua zaidi. Na akitokea wa kuwaambia wamsafishe goti kwa kamera, hilo lilijaribiwa Houston likatoka 2002, waliochanjwa ngozi tu bila kusafishwa walipata nafuu sawasawa na waliosafishwa.

Choo: nunueni kile kiti cha plastiki chenye tundu au fundi awajengee kiinuko, sio gharama. Kigoda kiondoke kabisa, atafutiwe kiti cha urefu ambao akikaa nyonga iko juu ya goti kidogo, na meza ya kuchambulia ipandishwe. Akiwa jikoni asisimame kama nguzo, kila baada ya muda azunguke hata mpaka kwenye ndoo na kurudi. Fimbo ashike mkono wa KUSHOTO kwa sababu goti bovu ni la kulia, karibu kila mgonjwa anakuja kaishika upande uleule wa maumivu.

Mazoezi: akae kwenye kiti, asimame, akae taratibu, mikono kifuani akiweza. Aanze kidogo. Na anyooshe goti akiwa amekaa, alishike juu akihesabu pole pole, alishushe. Kutembea tambarare agawanye, asubuhi kidogo jioni kidogo, raba yenye soli laini sio ndala zilizoisha upande. Kipimo cha dozi ni kesho yake. Likiuma kidogo wakati wa kutembea halafu kesho asubuhi liko kama jana, dozi iko sawa aendelee. Likiamka limevimba au linauma kuliko jana, apunguze, asiache. Gegedu lenyewe baada ya kuchuchumaa na kuinuka mara 50 linapungua ujazo kama asilimia 6 na linachukua zaidi ya saa moja na nusu kurudi, kwa hiyo mapumziko kati ya asubuhi na jioni ni sehemu ya dawa.

Nikuulize, ile dawa ya maumivu ni ipi na ana presha?

kijana_wa_Malapa
Diklofenaki, anakunywa kutwa mara mbili, zikiisha anaongeza mwenyewe duka la dawa. Presha anayo ndio.

fizio_wa_Temeke
Basi hilo lisisubiri kikao cha jumapili. Dawa za kundi hilo zinapandisha presha na zikinywewa muda mrefu zinagusa figo na tumbo, na daktari aliyemwandikia inawezekana hakujua kama anajiongezea dukani. Rudini kesho na vidonge vya presha mkononi avione, muulizeni kuhusu diklofenaki ya kupaka, kwenye goti inasaidia na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Muombe pia akuandikie fizio, mkipewa msiishie siku ya kwanza.

kijana_wa_Malapa
Kesho asubuhi tunaenda. Shangazi nimemforwadia thread nzima, kajibu "sijasoma ndefu".